Jerikeni Isiyo na Jina: Kutunza Kemikali za Usafi Katika Jiko la Biashara

Katika majiko ya biashara ya Uganda hakuna chombo kinachofanya kazi nyingi kama jerikeni ya njano ya lita 20. Huingia ikiwa na mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, hutekewa maji. Ikianza kuchakaa hupelekwa kwa muuzaji wa sabuni ya maji ikajazwe, na siku nyingine, kwa kuwa ipo na haina kazi, hutiwa jiki iliyonunuliwa kwa jumla. Kuanzia hapo kila anayeishika hutegemea pua yake, au kumbukumbu ya aliyeijaza. Kwenye mgahawa wenye zamu mbili, aliyeijaza mara nyingi ameshapanda boda na kwenda kwake.

Nimeanza na jerikeni kwa sababu hapo ndipo kinga hukatika. Lebo ya kiwandani hubeba mambo manne ambayo mwosha vyombo hawezi kuyabuni: jina la kemikali, ukali wake, kisichopaswa kukutana nayo, na la kufanya ikimwingia mtu machoni au tumboni. Ukiimimina kwenye chombo kingine umebaki na maji yenye rangi fulani. Glavu, kabati lenye kufuli, mafunzo ya wafanyakazi, vyote hivyo husimama juu ya jambo moja: kujua kilichomo. Jiko lenye kila kifaa lakini lenye chupa tatu zisizo na jina chini ya sinki bado ni jiko la hatari.

Kinachowachanganya wengi ni wingi wa majina. Stoo ya hoteli ya wastani Kampala au Mbarara inaweza kuwa na sabuni ya vyombo, dawa ya oveni, dawa ya choo, jiki, dawa ya kuzibua sinki, dawa ya kuondoa ukoko wa chokaa kwenye mashine ya kahawa, na unga wa klorini wa bwawa la kuogelea. Ukizitazama kikemia, zile zenye hatari kubwa zinaingia katika koo tatu tu. Kuna asidi: dawa nyingi za choo, ambazo hutumia asidi ya hidrokloriki, dawa za kuondoa ukoko, hata siki na maji ya limau. Kuna alkali kali: kostiki soda, dawa za oveni, dawa za kuzibua mabomba, na sabuni za mashine za kuoshea vyombo. Na kuna klorini: jiki ya maji na ule unga mweupe wa klorini. Mpishi akizijua koo hizi tatu hana haja ya kukariri majina ya bidhaa 20.

Koo hizi hazikai pamoja. Jiki ni sodiamu hipokloraiti ndani ya maji, nayo hutulia kwa sababu maji yake yamefanywa kuwa ya alkali. Ukiitia asidi, utulivu huo unavunjika na gesi ya klorini inatoka papo hapo. Ni gesi ileile iliyotumiwa kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Uzito wake ni karibu mara mbili na nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo hujikusanya chini, hasa penye hewa isiyozunguka: mtaroni, chini ya meza, pale mtu alipochuchumaa akisugua sakafu. Inapogusana na unyevu wa macho, koo na mapafu hutengeneza asidi humohumo ndani.

Tarehe 7 Novemba 2019, katika mgahawa mmoja mjini Burlington, jimbo la Massachusetts, Marekani, dawa ya asidi ya kuondoa ukoko ilikuwa imemwagika sakafuni. Mfanyakazi mwingine akaja na dawa ya klorini kuosha sakafu ileile. Mchanganyiko ukageuka kijani na kuanza kutoa mapovu. Meneja alijaribu kuusukumia nje kwa mpira wa kukaushia sakafu, akavuta ile gesi, akafariki. Wengine zaidi ya kumi walipelekwa hospitali. Angalieni kwamba hakuna aliyekusudia kuchanganya kitu. Dawa mbili halali, zote za kazi ya jikoni, zilikutana sakafuni kwa sababu wa pili hakujua wa kwanza aliacha nini.

Kwetu nafasi za kukutana hivyo ni nyingi zaidi. Choo cha wateja husafishwa kwa dawa ya asidi, kisha anakuja mtu anayeamini kwamba choo hakijawa safi bila jiki, anaimwaga juu yake kabla ya kusuuza. Mopu iliyotumika chooni inatumbukizwa kwenye ndoo ya jiki. Kuna pia wanaotia siki ndani ya jiki wakidhani wanaiongezea nguvu. Wanachoongeza ni gesi. Jiki ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo na hutokana pia na mkojo uliokaa, hutoa gesi za kloramini, nazo huunguza njia ya hewa vilevile. Ukitaka kutumia dawa mbili mahali pamoja, suuza kwa maji mengi baada ya ya kwanza na uache pakauke. Kwa maoni yangu ni bora zaidi kuchagua moja.

Kostiki soda nayo ina tabia yake, na nadhani ndiyo inayodharauliwa kuliko zote kwa sababu haina harufu kali. Inauzwa Kikuubo, eneo la biashara ya jumla jijini Kampala, na mitaa ya jirani kwa watengenezaji wa sabuni, na wenye migahawa huinunua kwa ajili ya mabomba yaliyoziba kwa mafuta. Ikiingia majini huzalisha joto jingi. Ndiyo maana huanza na maji baridi ndani ya ndoo ya plastiki, kisha unatia kostiki kidogo kidogo ukikoroga. Ukifanya kinyume, ukamimina maji juu ya kostiki, joto hukusanyika mahali pamoja, maji yanachemka ghafla na kurukia uso. Usiitie kwenye sufuria ya alumini hata kwa dakika moja, na sufuria nyingi za majiko yetu ni za alumini. Hula chuma hicho na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, mara nyingi hatua chache tu kutoka kwenye sigiri inayowaka.

Kostiki ikikugusa mkono haianzi kwa maumivu. Unahisi utelezi, kama vile sabuni haijasuuzika vizuri. Utelezi huo unatokana na mafuta ya ngozi yako yanayogeuzwa sabuni. Maumivu huja baadaye, na kwa wakati huo alkali imeshazama ndani. Kijana anayeosha oveni bila glavu akihisi vidole vinateleza asijifute kwa eproni na kuendelea. Aende kwenye bomba mara moja, akae hapo.

Jiki yenyewe, hata ikiwa peke yake, hutumiwa vibaya kwa sababu ya mazoea mazuri yaliyokuja na magonjwa. Mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Mubende Septemba 2022, na ulipotangazwa tena Kampala Januari 2025, kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki na maji ya klorini, kama ilivyokuwa wakati wa korona. Watu walizoea kwamba klorini ikinuka ndipo inafanya kazi. Lakini vipimo vya Ebola vilikuwa na kazi zake. Asilimia 0.5 ilikuwa ya kusafisha mahali palipoguswa na damu au matapishi ya mgonjwa, na asilimia 0.05 ya kunawa mikono pale pasipo sabuni. Ubao wa kukatia nyama uliokwisha kuoshwa unahitaji kidogo sana kuliko hapo: sehemu 50 hadi 200 za klorini katika sehemu milioni za maji, na 100 inatosha kwa kazi ya kila siku.

Hesabu yake ni nyepesi. Jiki nyingi za dukani zina hipokloraiti karibu asilimia 3.5. Vijiko viwili vya mezani, yaani mililita 30, ndani ya ndoo ya lita 10 vinakupa takriban 100 katika milioni. Jiki yako ikiwa ya asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Tofauti hii ndiyo inayopotea jiki ikimiminwa kwenye jerikeni bila lebo: huwezi tena kupiga hesabu, unakisia. Anayekisia huzidisha, na kuzidisha kuna gharama. Maji ya klorini kali hula vifaa vya chuma cha pua na kuviacha na vishimo vidogo ambamo uchafu hujificha, huchubua mikono ya mwosha vyombo, na mabaki yake huishia kwenye chakula cha mteja.

Tumia maji ya baridi, kwa kuwa ya moto huifukuza klorini hewani ukaivuta wewe badala ya kuua vijidudu. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo utumbukize kwenye maji ya klorini na kusubiri walau dakika moja, kisha uache chombo kikauke chenyewe. Wanaotaka kuokoa muda huchanganya sabuni ya vyombo na jiki kwenye beseni moja. Mafuta na mabaki ya chakula huimaliza klorini kabla haijagusa kijidudu, na sabuni zenyewe hazifanani: iliyotengenezwa nyumbani kwa asidi ya salfoniki ambayo haikusawazishwa vizuri inaweza kuwa bado na asidi ndani yake. Changanya maji mapya kila siku, na ukiona yamekuwa na ukungu au utando wa mafuta, mwaga, hata kama ni saa tano asubuhi.

Jiki hufa. Joto na mwanga huivunja, na kila joto linapopanda ndivyo inavyoharibika kwa kasi zaidi. Iliyowekwa karibu na jiko, au nje kwenye jua, baada ya miezi michache ni maji ya chumvi yenye harufu. Wakati ikivunjika hutoa oksijeni, na chombo kilichofungwa kwa nguvu kinaweza kuvimba. Ukiona jerikeni imetuna tumbo, vaa miwani, ifungue taratibu nje ya jengo. Andika tarehe ya kuinunua. Mwenye mgahawa mdogo anapata faida zaidi akinunua kidogo kila mwezi kuliko jerikeni nne kwa bei ya jumla, nusu yake ikiwa imekufa kabla ya kutumika.

Unga wa klorini, ule wa asilimia 65 hadi 70, unastahili onyo lake peke yake. Shule nyingi za bweni huutumia kutibu maji ya tangi, na hoteli huutumia kwenye bwawa. Huu huchochea moto. Ukikutana na mafuta ya kupikia, sukari, spiriti, mafuta ya taa au matambara yenye grisi, unaweza kuwaka wenyewe bila cheche ya mtu yeyote. Unga huu haukai jikoni kabisa. Weka kwenye jengo jingine, pakavu, ndani ya chombo chake, na kijiko chake kiwe kikavu na kisitumike kwa kitu kingine. Na usiuchanganye na vidonge vya klorini vya aina nyingine, hata kama vyote vimeandikwa klorini. Baadhi yake hugombana hadi kulipuka.

Sasa stoo. Kanuni ya kwanza ni kwamba kemikali hazilali na chakula. Najua hali ilivyo: chumba kimoja, gunia la unga wa posho, mchele, maharagwe, na kwenye kona jerikeni za sabuni. Unga hunyonya harufu na mvuke, gunia hunyonya chochote kinachovuja sakafuni. Pasipo na chumba cha pili, hata sanduku la bati lenye kufuli na matundu ya hewa, lililowekwa ua wa nyuma kwenye kivuli, ni bora kuliko kona ya stoo ya chakula. Kama hata hilo halijapatikana, basi kemikali zikae chini kabisa na chakula juu, wala isiwe kinyume, kwa sababu kinachovuja huelekea chini.

Ndani ya sanduku hilo asidi ipate upande wake na klorini upande wake. Si lazima kujenga ukuta. Weka kila ukoo ndani ya beseni lake la plastiki, beseni ambalo likipasukiwa na chupa litabeba maji yote. Vimiminika vikae chini ya kemikali za unga, ili chupa ikivuja isilowanishe mfuko ulio chini yake. Kitu kizito kisipite usawa wa kifua: jerikeni ya lita 20 inayoshushwa kutoka rafu ya juu humwagikia uso wa anayeishusha. Spiriti na jeli za kupashia chakula cha bafe zikae mbali na mtungi wa gesi na sigiri. Na funguo iwe kwa mtu mmoja anayejulikana katika kila zamu, maana majiko yetu yana watoto. Mama anayepika hana pa kumwacha mwanawe likizoni, na mtoto mwenye kiu akiona chupa ya soda yenye kitu cha rangi hafikirii mara mbili. Kwa hiyo kemikali haitiwi kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, hata ya kumpelekea jirani.

Sumu ya panya, ile inayouzwa kwa kipaza sauti kwenye maegesho ya teksi, na dawa za mende za kupimiwa kwenye vichupa visivyo na lebo, sizitaki jikoni kwa namna yoyote. Hujui kilichomo, na daktari naye hatajua.

Kumimina kwenye chombo kidogo hakuepukiki, kwani hakuna anayesafisha meza akiwa amebeba lita 20. Basi kila chupa ya kupulizia iwe na jina, ukali na tarehe, kwa wino usiofutika, na utepe wa plastiki juu ya maandishi yasioshwe. Lugha ni swali la kweli hapa. Katika jiko moja la Kampala unaweza kumkuta Mganda, Mnyankole, Mlugbara na dada aliyetoka Bunia, Kongo, na lebo ya kiwandani iko kwa Kiingereza, pengine kwa Kichina. Andikeni kwa lugha ambayo jiko linaitumia kugombana na kucheka, iwe Kiswahili au Kiganda, na muongeze rangi: utepe mwekundu kwa asidi, wa bluu kwa klorini, wa manjano kwa alkali, ili mradi rangi zilezile zitumike kila mahali na zichorwe ukutani. Wafundisheni wote alama za Umoja wa Mataifa zilizoanza kutolewa mwaka 2003, yaani pembe nne yenye mpaka mwekundu iliyosimama kwa ncha yake. Ile yenye kimiminika kinachomwagikia mkono na kipande cha chuma inamaanisha kitu kinachounguza. Asiyejua kusoma anaielewa.

Kuna jambo la heshima pia. Kijana mgeni jikoni haoni rahisi kumuuliza mpishi mkuu mara tatu, "Mzee, hii ni ipi?" Ataona aibu, atakisia. Mzee wa jiko ndiye anayeweza kuondoa aibu hiyo, kwa kusema waziwazi siku ya kwanza kwamba chupa isiyo na jina haitumiki, na kwamba anayeuliza hatakemewa. Chupa iliyokutwa bila jina iwekwe kando na aulizwe aliyeileta. Isifunguliwe ikanuswe, kwa maana pua ndiyo njia fupi ya kwenda kwenye mapafu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inaweka kinga ya mfanyakazi mikononi mwa mwajiri, vifaa vya kujikinga vikiwemo. Kwa jiko hiyo ni glavu ndefu za mpira, si zile nyembamba za kugawia chakula, miwani ya kinga, eproni ya plastiki na viatu vilivyofunika vidole. Ndala kwenye sakafu yenye kostiki ni jeraha linalosubiri saa yake. Muuzaji wa jumla aombwe karatasi ya taarifa za usalama ya kila bidhaa. Anayeshindwa kuitoa mara kwa mara anauza kitu ambacho naye hakijui.

Ajali ikitokea, maji ndiyo dawa ya kwanza. Kemikali ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 nzima, ukitazama saa. Kama ni unga mkavu wa kostiki, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu. Usitie limau juu ya kostiki wala magadi juu ya asidi, kwa sababu kujaribu kuzisawazisha juu ya ngozi huzaa joto na kuongeza jeraha. Macho yaoshwe muda huohuo, kope zikishikiliwa wazi, maji yakitoka upande wa pua kwenda nje. Mahali pasipo na bomba la uhakika, weka jerikeni ya maji safi yenye koki, iliyoandikwa MAJI YA DHARURA, na isiguswe kwa kupikia hata siku maji yamekatika.

Gesi ikitoka, wote watoke nje, wasogee upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka. Asirudi mtu kuokoa sufuria wala kukausha sakafu. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, usiku akiwa amelala.

Aliyemeza asitapishwe. Kilichounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda. Asijazwe maziwa kwa glasi mbilimbili kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani, maana tumbo lililojaa ndilo linalotapika. Asukutue kinywa, ateme, aende hospitali mara moja. Na aendaye naye abebe chombo chenyewe kikiwa kimefungwa vizuri, au apige picha ya lebo kwa simu, kwa kuwa swali la kwanza la daktari litakuwa ni kitu gani alichokunywa, na kina ukali wa asilimia ngapi.